Kengele ya Batasema

Mimi ndiye niliyesema kengele ifunguliwe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu wa Baraka, hapa kando ya ziwa, wakisimulia habari za Waridi na mbwa wake humtaja Zuberi, shemeji yake, na mimi, Latifa, huniruka. Labda wananiruka kwa kuwa bado niko hai na ulimi wangu wanaujua.

Waridi alikuwa jirani yangu. Ua wake ulitenganishwa na wangu kwa safu moja ya matete. Alinizidi umri, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa mjane wa Saleh, mshonaji wa kanzu, na mwanawe wa pekee, Yunusu, alikuwa akifanya kazi bandarini Albertville na kutuma salamu nyingi kuliko alivyokuja mwenyewe. Yaya Waridi alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia sogea, alisogea. Ukizidisha chumvi kwenye chungu chake kwa mkono wako mwenyewe, yeye ndiye aliyeomba radhi. Nilikuwa nikimcheka, na mara nyingine alinikera, maana mtu asiyekataa kitu humfanya jirani yake awe mtovu wa adabu bila kujua.

Jambo moja tu alilikataa. Tangu Saleh afariki, ndugu yake Zuberi alimwambia ahamie kwake, akae na wake zake, ale na wenzake. Zuberi hakuwa na nia mbaya. Lakini Waridi alitaka kula kwa mkono wake. Alikuwa na shamba la muhogo upande wa mto Mutambala, na shamba hilo ndilo lililomtenga na chumba cha nyuma cha Zuberi. Misimu miwili mfululizo nguruwe pori walilifukua lote. Mwaka wa hamsini na sita alipopanda tena, Zuberi alimwambia mbele ya wazee wawili kwamba msimu huu ukiharibika, basi, ahame. Waridi akaitikia haya.

Ndipo alipokwenda kwa Placide, mwindaji Mbembe aliyekuwa akishuka kutoka milima ya Fizi na nyama kavu. Alimpa mikeka mitatu aliyoisuka mwenyewe, akarudi na mbwa mwekundu mwenye mkia uliojikunja, shingoni amefungwa kengele ya mti kubwa kama ngumi. Placide mwenyewe alimsindikiza hadi uani, nami nilikuwa nimeegemea matete yangu nikisikiliza kila neno.

"Haibwekake, mama," Placide alisema. "Imbwa ya kwetu haina kelele. Kengele njo sauti yake. Muntu akisikia kengele anajua ni imbwa. Asiposikia, anajua ni nyama ya pori. Siku tatu umulishe kwa mukono yako, umulalishe karibu na mafiga. Vile atajua kwake."

Siku tatu hizo zilikuwa za taabu tupu. Kubweka hakubweka, lakini kulia alijua. Alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, mchana kutwa, pua yake imeelekea milimani. Bugali hakugusa. Waridi alikaa karibu na mafiga akimnyooshea tonge, na kila ulimi wa mbwa ulipomgusa vidole alikwenda ziwani kunawa mara saba, moja kwa udongo, kama sheria yetu inavyotaka. Ulimi haukugusa mara moja wala mbili. Mikono ikapauka hadi kwenye viwiko. Siku ya pili mbwa alikata kamba akakimbia, na Waridi akapanda mlima nusu siku kumfuata. Siku ya nne mbwa alikuwa amezoea kiasi cha kuruka ua wangu na kula ndagala, dagaa wa ziwani, nilizoanika, ungo mzima. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Kulthumu wa ng'ambo ya njia akacheka akasema, "Banaleta najisi ifukuze najisi."

Waridi alinilipa ndagala zangu kwa kikapu cha unga, ingawa nilimwambia aache. Jioni hiyo akampa mbwa jina: Batasema, yaani watu watasema tu. Alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini wote tuliokuwa nyuma ya matete tulielewa kwamba tumeitwa pia.

Na mbwa alifanya kazi. Kila alfajiri, akishaswali, Waridi alikwenda naye shambani, na kengele ikaanza kuzunguka kwenye muhogo, ko-ko-ko, huku, kule, chini kabisa mtoni. Nguruwe walihama. Fabien, mkulima Mkristo ambaye shamba lake lilipakana na lile, alikuja kumshukuru kwa sababu hata muhogo wake ulipona. Mwezi wa pili majani yalinifika kiunoni. Nilimwona Waridi akitembea mjini kwa namna nyingine, mabega yamenyooka, na nakiri ilinifurahisha.

Lakini mbwa wa kuwinda hamjui bwana wa nusu siku. Zuberi alikuwa amesema wazi kwamba mbwa wa shamba dini inamruhusu, ila akae shambani. Batasema hakukaa. Alimfuata Waridi kisimani, sokoni, matangani. Usiku alijikuna mlangoni na kengele ikagonga. Mbaya zaidi, alfajiri Waridi akiwa ndani anaswali, mbwa alitangulia njiani akimngoja, na njia ile inapita kwenye ukuta wa msikiti.

Zuberi alikuja siku ya Ijumaa, mpole kama kawaida yake, na wale wazee wawili. Akanikuta uani kwa Waridi tunachambua mchele.

"Shemeji," alisema, "siye hatukatazi imbwa ya shamba. Lakini kila alfajiri tukisimama, inapita pale inje, ko-ko-ko. Batu banahesabu kengele, habahesabu rakaa."

Waridi akainamisha kichwa. Wazee wakangoja. Mimi nilikuwa na usingizi wa miezi miwili unanidai, na ndagala zangu nilikuwa sijazisahau, nikasema:

"Yaya, si ufungue tu kengele akiwa hapa nyumbani? Ukienda shamba, umuvalishe tena."

Wote wakafurahi. Hata Zuberi aliniangalia kwa heshima, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Waridi aliutua ungo wa mchele. Alikuwa amemsikia Placide kama nilivyomsikia mimi. Halafu akasema haya, akamwita mbwa, akafungua kamba ya ngozi, akaitundika kengele kwenye msumari kando ya mlango.

Kwa siku kumi na moja kulikuwa na utulivu. Nililala vizuri. Kila alfajiri, akishaswali, Waridi alimvalisha mbwa kengele, wakapita njia ya nyuma, mbali na msikiti.

Siku ya kumi na mbili mbwa hakungoja. Labda upepo ulimletea harufu ya nguruwe kutoka Mutambala. Waridi alikuwa kwenye sijda, mbwa akaruka ua akaondoka, shingo tupu.

Jua lilikuwa limeshatoka nilipomwona Fabien akija na njia, amembeba Batasema mikononi, mkuki ameuacha hukohuko. Damu ilikuwa imemlowesha shati. Alimlaza mbwa karibu na mafiga, mahali palepale alipolazwa siku ya kwanza, akasimama bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Mama, unisamehe," alisema. "Niliona mihogo inatikisika. Nikasikiliza sana. Hakukuwa kengele." Akamtazama mbwa shingoni, halafu akamtazama Waridi. "Kengele yake iko wapi?"

Kengele ilikuwa kwenye msumari, nyuma ya bega lake. Waridi aliitazama. Mimi nilitazama chini.

"Niliitoa miye," Waridi akasema.

Hakusema Latifa. Hakusema Zuberi. Nami nilikuwepo, na ulimi huu ambao mji mzima unauogopa ukakwama mdomoni. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea hadi ameota mvi. Batasema alikufa kabla ya adhuhuri, mkono wa Waridi uko kichwani pake, na Waridi hakwenda kunawa hadi alipomaliza kumzika.

Placide hakuwa na mbwa mwingine wa kutoa. Kesho yake alfajiri nilisikia kengele, nikaruka kitandani nikidhani nimerogwa. Alikuwa Waridi, anakwenda shambani, kengele mkononi. Alizunguka muhogo wake akiitikisa mpaka jua likawaka, akarudi, na jioni akaenda tena. Siku ya nne nilimfuata, nikanyoosha mkono. Alinipa kengele, akaketi kwenye tuta akapumzisha miguu, nami nikazunguka.

Tulipokezana hivyo karibu wiki tatu. Lakini nguruwe si mjinga. Aligundua kwamba kengele ile haikimbii wala haina meno. Asubuhi moja tulikuta nusu ya shamba imelala, mizizi imetafunwa, nyayo zimepita hatua chache tu kutoka mahali nilipokuwa nikitikisa. Baada ya siku nne kilichobaki hakikujaza kikapu. Fabien alitaka kumpa sehemu ya wake. Waridi akamshukuru, akakataa, na hiyo ilikuwa mara ya pili nilipomsikia akikataa kitu.

Alihama siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Chungu kichwani, mkeka kwapani. Zuberi alikuwa amesimama mlangoni kwake kumpokea. Kengele Waridi alikuwa ameifunga kwenye kiuno chake kwa ile kamba ya ngozi, na kila alipopiga hatua iligonga, ko, ko, kutoka kwangu hadi kule mwisho wa njia. Wanaume walisimama wakampisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema inapiga kelele.