Nimeshiba, Mwaitu

Wiki chache baada ya kuwekewa pete ya mpira tumboni, tulikusanywa wagonjwa kadhaa katika chumba cha hospitali moja ya Nairobi, tukakalishwa kwenye viti visivyo na mikono. Kiti kisicho na mikono ni heshima ambayo mtu mwembamba hawezi kuielewa. Sista aliyetusimamia alituambia kwamba upasuaji ni kazi ya asubuhi moja, lakini kupungua ni kazi ya kila siku, kwa hiyo kila mtu atafute kitu cha kumsukuma siku ambazo moyo utagoma.

"Na msiniambie afya," akasema. "Afya kila mtu husema, halafu mnaniambia mmeshindwa na mandazi."

Mama mmoja akasema harusi ya binti yake. Mfanyabiashara mmoja mzee akasema anataka kupanda ndege bila kuomba aunganishiwe mshipi. Ilipofika zamu yangu, mimi niliyesoma hadi chuo kikuu na ninayelipwa kuandika makala za kuwaelekeza wenzangu namna ya kufikiri, nikasema ningependa kufunga kamba za viatu huku ninaziona.

Wakacheka. Sista naye akacheka, akaniambia hiyo ni sababu nzuri, niishike. Niliishika. Kile ambacho sikumwambia, kwa sababu nilikuwa sijakijua bado, ni kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili aliyekuwa akivuta, na ana nguvu kuliko kamba za viatu. Alikuwa mama yangu.

Kwetu Ukambani, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo mama hakuwahi kuniita mwanangu hata mara moja. Aliniita nau, yaani baba yangu, tangu nikinyonya, na hakuwa akitania. Nikianguka alinipa pole kwa sauti ya binti. Nikimkosea alinichapa vizuri kabisa, kisha jioni akaja kuniomba radhi, maana mtu hampigi baba yake hivi hivi. Kaka yangu mkubwa, aliyebeba jina la ukoo wa upande wa pili, hakuombwa radhi na mtu.

Huyo babu sikumkuta. Mama alikuwa msichana mdogo mvua zilipokosa misimu mfululizo na ghala likabaki na vumbi. Alinisimulia mara chache tu, siku zote akiwa anachambua mahindi, macho chini. Kilichopatikana, babu aliwagawia watoto. Wakimwuliza yeye, alijibu neno moja: nimeshiba. Jioni moja mama alimkumbatia kiunoni, mkono wake ukagusa kitu kigumu chini ya nguo. Ulikuwa mukwa, ukanda wa ngozi ambao wanawake hubebea kuni. Alikuwa ameuazima kwa mkewe akajifunga tumboni, ili njaa isipate nafasi ya kugeuka. Hakumaliza msimu ule.

Basi jina lake liliporudi nyumbani likiwa na mashavu na mdomo wazi, mama alijua la kufanya. Nililishwa uji, nikalishwa isyo, yale mahindi na maharagwe tunayochemsha mpaka yanapasuka, nikalishwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, siku za wageni na siku zisizo na wageni. Watu wamenieleza sana kuhusu unene wangu, kwamba ni chipsi, kwamba ni kukaa kitini. Chipsi nilizitendea haki, sikatai. Lakini msingi ulijengwa na mwanamke aliyekuwa akimlisha mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, na msingi huo ulijengwa imara. Nilipofika umri wa makamo, gari langu lilikuwa limeinama upande wa dereva. Niliwahi kuvunja kiti kwenye mazungumzo ya mahari, nikiwa msemaji wa upande wetu, katikati ya sentensi ya kuomba tupunguziwe. Halafu sukari ikapanda, magoti yakakataa ngazi, na daktari akaniambia bila kupepesa macho kwamba nisipopungua, nisinunue viatu vipya.

Ndipo nikafungwa pete. Ni kitu kidogo cha mpira kinachozunguka sehemu ya juu ya tumbo. Chini ya ngozi huachwa kidude kama kifungo, na daktari hudunga hapo sindano: akiongeza maji pete inabana, akiyatoa inalegea. Ikibana, vijiko vichache vinatosha. Unatafuna kama ng'ombe, unangoja, kisha unaweka kijiko chini. Usipokiweka, chakula kinarudi kilikotoka bila kukuuliza.

Nilianza kupungua. Njiani kwenda kliniki nilipita mizani ya Mlolongo, ambapo malori yaliyozidisha uzito husimamishwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilipita pale bila kuyaonea huruma ya ndugu. Shati likaanza kunicheza. Gari likasimama wima. Asubuhi moja nikainama nikaona kamba za viatu, zote mbili, na nikabaki nimeinama pale kama mtu anayeswali.

Mjini Machakos, ninakoishi, hawakuona hivyo. Miaka ya tisini ilikuwa imetufundisha kusoma mashavu. Tulikuwa tumezika watu wengi waliokonda kwanza, na kila mtu alijua mpangilio wake: mashavu, shingo, kisha kanisani wanaanza kukuombea bila kutaja ugonjwa. Muuza nyama wangu, ambaye humwita mwalimu kila mtu aliyesoma, alinivuta kando siku moja.

"Mwalimu, unaendelea aje?"

"Vizuri tu."

"Na dawa unameza?"

"Dawa gani?"

"Usijali, hakuna mtu anasikia." Akaangalia huku na huku, duka likiwa limejaa watu wanaosikia. "Hata mimi niko na shemeji alianza kumeza mwaka jana. Saa hii analima."

Akanifungia mifupa ya supu bure. Nilimshukuru. Kumweleza kuhusu pete ningehitaji ubao na chaki. Nilikwenda nyumbani nikicheka peke yangu, na kicheko hicho kilinisukuma wiki nzima, afadhali kuliko sababu zote za sista.

Kwa mama hapakuwa na kicheko. Aliishi na dada yangu mdogo shambani, upande wa Katelembo, na kila Jumapili nilikwenda kula huko. Jumapili ya kwanza baada ya kuruhusiwa chakula kigumu alinipakulia kama kawaida, sahani yenye mlima. Nilikula vijiko vinne, labda vitano, kwa makini ya mtu anayetegua bomu. Kisha nikaweka kijiko chini.

"Nimeshiba, mwaitu," nikasema. Mwaitu ni mama.

Alitazama sahani, akanitazama mimi, na uso wake ukawa mdogo, uso wa msichana. Dada yangu akaharakisha kuchekesha: "Huyu amekula njiani huyu, mwulize vizuri." Mama hakucheka. Nilifikiri amechukizwa kwa kuwa sikumaliza chakula chake. Sikukumbuka kabisa ni nani aliyewahi kusema neno hilo mbele yake. Nilikuwa nimelisema kweli, tena kwa mara ya kwanza maishani, na yeye alikuwa amelisikia zamani likiwa uongo.

Jumapili zilizofuata aliongeza chakula nami nikaongeza maelezo. Mwishowe nikafanya kosa la waliosoma: niliamini kwamba kitu kikielezwa vizuri kinaacha kuuma. Nikachukua kitete chake, kile kibuyu chembamba shingoni, nikakiweka mezani.

"Tumbo langu sasa liko hivi," nikamwambia. "Hapa juu padogo, hapa pamebanwa. Chakula kinapita polepole."

Alipitisha kidole shingoni mwa kibuyu. "Nani amekufunga?"

"Daktari. Mimi mwenyewe nilimwomba."

"Kwa nini, nau?"

"Ili nisile sana."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Kisha akasema polepole, "Kumbe siku hizi mukwa wanaufunga kwa ndani." Akarudisha kitete mahali pake. "Ule wako wa kwanza niliuona. Huu umeufunga ndani nisiuone."

Nilifungua mdomo nieleze zaidi. Dada yangu akanikanyaga mguu chini ya meza, na safari hiyo nikatii.

Mwezi uliofuata dada alinipigia simu. "Mama hali," akasema. "Nikimpakulia anauliza kama wewe umekula. Nikisema ndiyo, ananiuliza, umemwona kwa macho akila? Sasa mimi niseme nini?"

"Mwambie nimekula."

"Nimemwambia. Anasema hata zamani waliambiwa hivyo. Chakula anakifunika na sahani nyingine, anasema ni cha baba. Asubuhi kinapewa mbwa. Mbwa wetu sasa ndiye atahitaji hiyo pete yako."

Alicheka kidogo, kisha nikamsikia analia. Mama alikuwa ameshaanza kusahau mambo, mara anamwita dada kwa jina la shangazi, mara anauliza kama mvua imenyesha. Daktari wa mjini alikuwa amesema moyo wake umechoka. Lakini moyo unahitaji chakula pia, na yeye alikuwa akila vijiko vichache kuliko mimi.

Nilikwenda Nairobi. Nilimwambia sista nataka pete ilegezwe.

"Unatapika?"

"Hapana."

"Inauma?"

"Hapana. Nataka kula mbele ya mama yangu."

Aliweka kalamu chini. Alinionyesha mstari wa uzito wangu ukiteremka vizuri, kama njia ya kushuka kutoka vilima vya Iveti, akaniambia wanaolegeza hurudi walikotoka, wengi wao kwa haraka. Nilijua. Nilikuwa na hofu hiyo hata kabla hajaisema, kwa kuwa mimi najijua: nikifunguliwa mlango wa jikoni sihitaji kusukumwa. Aliniuliza kama mama hawezi kueleweshwa. Nikamwambia nimeshamwelewesha, na hilo ndilo tatizo.

Daktari akadunga sindano chini ya mbavu zangu, akavuta maji. Yalikuwa kidogo sana. Ungeweza kuyamwaga kwenye kiganja.

Nilipofika shambani mama alikuwa kitandani, ameegemea mito, kitambaa kimeteleza kichwani. Nilikuwa nimepungua sana kufikia hapo, shingo yangu imekuwa ya mtu mwingine. Alinitazama nikiingia mlangoni, na nikajua mara moja kwamba hakumwona mwanawe. Alijaribu kuinuka, kama mtoto anavyoinuka mzazi anapoingia.

"Nau, umerudi."

"Nimerudi."

"Chakula chako kipo. Sikuwapa wengine."

Dada alileta sahani iliyofunikwa. Ilikuwa isyo, imejaa. Nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikaanza kula. Mwanzoni nilitafuna kwa mazoea ya pete, punje moja moja, na macho yake yakafuata kijiko: kutoka sahani hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi shingoni, kuhakikisha kinashuka. Nikaongeza. Kilishuka. Ladha ya maharagwe ya mama, chumvi yake kidogo, majivu yake kidogo ya kuni, vilinijaa mdomoni baada ya kitambo kirefu, na sitadanganya, nililia nikila. Dada alisimama mlangoni amejishika kiuno. Sahani ikaisha. Nikamwonyesha mama sehemu ya chini, nyeupe na tupu, kama nilivyomwonyesha nikiwa mdogo.

"Umeshiba?"

Neno lile la nimeshiba sikutaka alisikie tena. Nikasema, "Niongeze kidogo."

Akacheka. Kicheko cha msichana kabisa. Akamwambia dada, "Umesikia? Anataka tena." Kisha akanyoosha mkono akanigusa kiunoni, juu ya shati, akapapasa upande huu na upande ule, polepole, akitafuta.

"Umeufungua," akasema.

"Nimeufungua."

Ilikuwa kweli, kwa kiasi cha maji ya sindano moja.

Jioni ile alikula. Nilimlisha mimi, nusu kijiko, nikingoja ameze, kwa utaratibu uleule niliofundishwa Nairobi. Kila kijiko chake alitaka nile changu kwanza, na nilikula. Tulikwenda hivyo Jumapili kadhaa, hata siku za katikati ya juma. Nilirudisha kilo zangu kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha katika kuzipunguza. Gari likaanza kuinama tena. Muuza nyama alifurahi, akawaambia wateja wake kwamba dawa zinafanya kazi. Kamba za viatu zikapotea taratibu, moja baada ya nyingine.

Alikufa asubuhi moja mvua zikiwa zimeanza. Daktari alisema ni moyo. Nilimwuliza mara mbili kama ni njaa, naye akadhani nimechanganyikiwa.

Miezi ilipita kabla sijarudi kliniki. Sista hakuniuliza lolote kuhusu ule mstari uliopanda. Daktari alirudisha maji, pete ikabana, na sista akafungua kalamu yake akaniuliza, safari hii nani au nini kitanisukuma. Nikamwambia viatu. Akaandika viatu. Nimepungua tena tangu hapo, si haba, na siku ambazo moyo unagoma naendelea hivyo hivyo bila moyo.

Jumapili bado naenda shambani. Dada hupika, hunipakulia kidogo, kiasi changu, hana maneno. Nakula vijiko vinne, labda vitano, naweka kijiko chini na kusema nimeshiba. Naye huchukua sahani akaenda kuiosha. Siku hizi nikisema hivyo, kila mtu ananiamini.