Upanga wa Kijapani Juu ya Kabati la Mama

Tangu nipate akili, upanga ule ulikuwa juu ya kabati la mama. Babu, baba yake mama, aliuleta Unguja aliporudi vitani Burma, na mama akaja nao Maskati umevingirishwa ndani ya mkeka. Sisi watoto tulikatazwa hata kuusogelea. Mara moja kwa mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama alijifungia chumbani nao, na akitoka mikono yake ilinukia karafuu.

Mwaka jana mama alihamia kwangu Hail, mtaa mwingine wa Maskati. Mikono ilikuwa imeshaanza kumtetemeka. Kaka yangu akasema tuupeleke upanga kwa fundi wa majambia, ausugue kwa mashine mpaka ung'are, kisha tuuuze. Mama aliinuka, akaenda chumbani kwake. Hilo lilinitia wasiwasi, nikaomba ruhusa kazini Al Khuwair na kuupeleka kwanza Mutrah, kwa mtu anayekagua silaha za kale. Ni mtu wa makamo, wazee wake watu wa Pemba, basi tulizungumza Kiswahili.

"Dada, kuna mtu ameusugua huu?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Ungesuguliwa, nisingekuwa na la kukwambia."

Akauchomoa taratibu kwenye ala, makali yakitazama juu, akaulaza kwenye kitambaa. Hakugusa chuma kwa kidole. Alinionyesha mpini uliofunikwa ngozi ya taa, yule samaki bapa, na uzi uliozungushwa juu yake. Kisha akasukuma kijiti cha mwanzi kilichoshika mpini, mpini ukatoka. Mkia wa chuma uliokuwa ndani ulikuwa na kutu nyeusi ya zamani.

"Kutu hii usiiguse kamwe," alisema. "Hii ndiyo inayotwambia umri wake. Na hapa pana muhuri. Ni kazi ya kiwanda, wakati wa vita, hakuna mhunzi aliyekaa nao miezi. Panga kama huu zilitengenezwa nyingi. Hautakutajirisheni."

Nikaitikia. Yeye akaendelea kuuinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akarudia, akakunja uso.

"Lakini huku juu, kwenye ubapa, hapana hata doa. Umekaa pwani miaka yote hii, na joto hili na chumvi hii. Nani anautunza?"

"Mama yangu."

"Tunaweza kumuuliza?"

Nikampigia mama na kuweka sauti ya simu wazi. Nikamwamkia, nikamweleza niko wapi, nikamuuliza kuutunza upanga kulitoka wapi. Akasema kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Baba alilinda mateka kule Burma. Palikuwa na Mjapani mmoja, mtu mzima. Panga zao zilirundikwa nje, mvua inazipiga, na yeye kutwa anazitazama. Baba akamwendea, akamuuliza kwa ishara, upi wako? Akauonyesha. Baba akauokota, na yule mtu akawa anamfundisha kwa mikono tu. Futa hivi, usiuguse, paka mafuta kidogo. Basi kila siku baba akaufuta mbele yake. Askari walipogawiwa zile panga, baba akachagua ule ule."

"Na mafuta, Bi Mkubwa?" aliuliza yule bwana. "Unapaka mafuta gani?"

"Mafuta mepesi, na tone la karafuu. Kwetu ndiyo yaliyokuwepo."

Yule bwana akacheka kwa furaha. Alisema Wajapani wenyewe hutia karafuu katika mafuta ya panga zao, tangu zamani.

"Mama, mbona hukutuhadithia?" niliuliza.

"Mlikuwa mkiuogopa tu. Hakuna aliyeniuliza."

Yule bwana aliurudisha mpini, akagonga kijiti polepole, akasema katika panga za vita vile alizokagua, huu ndio uliotunzwa vizuri kuliko zote. Nilirudi Hail naendesha gari huku machozi yananitoka, na hayakuwa ya huzuni.

Kaka alipokuja Ijumaa nilimweleza yote. Alimgeukia mama, akamwomba ahadithie tena, tangu mwanzo, na akamsikiliza mpaka chakula kikapoa. Habari ya kuuza haikurudi.

Mwaka huu nimeufuta mimi, mama amekaa ukingoni mwa kitanda akinielekeza. Nnashukuru kwamba nilimuuliza wakati bado yupo wa kunijibu.

"Taratibu, mwanangu," aliniambia. "Unafuta kama unafuta meza."