Sauti ya Mzee Amour Ndani ya Diski

Kidawa, fundi wa kompyuta wa Michenzani, alirithi kwa mama yake paipu fupi ya mbao. Marehemu Bi Mwamvua alikuwa mkunga Matemwe, na kwa paipu ile alisikiliza mioyo ya watoto matumboni. Kidawa ukunga haukumwingia, damu ilimtia kizunguzungu. Paipu hakuitupa. Aliitegesha kwenye kompyuta zinazogonga, na watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Mwaka 2003 alifika Bi Maha wa Kiponda, nyuma yake hamali amembebea kompyuta.

"Shikamoo, Bi Maha."

"Marahaba, mwanangu. Inagonga hii, na ndani mna sauti ya mume wangu, Mzee Amour, anasoma maulidi. Tangu afariki sina pengine nnapomsikia."

Kidawa akaiwasha, akaegemeza paipu. Kwanza alisikia feni inakoroma na kukwama. Halafu, chini zaidi, ta, ta, ta, kimya, ta, ta, ta: sindano ya diski inatafuta mahali pa kusoma na haipaoni. Sauti ya mtu mzima, na pumzi zake, imekaa kwenye kisahani kidogo kuliko kiganja, na sasa inapotea. Akazima upesi.

Alipofungua kasha, harufu ilimpokea. Feni imegandwa na masizi ya ubani.

"Unafukiza wapi, Bi Maha?"

"Chini ya meza ya kompyuta, kila nkitaka kumsikiliza. Mwenyewe ndiye anayetaka."

Kidawa aliyachukulia hayo kuwa maneno ya upweke. "Moshi umeikaba feni, joto likaingia kwenye diski."

Bi Maha akashika mdomo. "Basi nnamziba pumzi kwa mikono yangu."

Kidawa aliichomoa diski, akaiacha ipoe mpaka baada ya alasiri, Bi Maha akingoja kitini, kisha akaiunga kwenye kompyuta yake kwa bismillahi na kurudisha paipu sikioni. Ikagonga. Ikagonga tena. Halafu ikatulia, ikaanza kunong'ona mfululizo, na Kidawa akaogopa hata kukohoa. Alikuwa akiisikia sauti ya marehemu kabla haijawa sauti. Alinakili yote kwenye sidii, ndipo akafungulia spika.

Maulidi hayakuanza. Kwanza mzee alikohoa, kisha akasema, karibu kabisa, "Maha, ubani uko wapi?"

Bi Maha alikwishainuka kitini.

"Labeka," akaitika.