Unga Laini Kupita Kiasi

Pankrasi Komba alikuwa msagaji, na msagaji aliyejiheshimu pale Songea hakutafuta sifa nyingine zaidi ya unga laini. Miaka mingi alisimamia mashine ya mahindi ya shirika la umma. Mageuzi yalipokuja kinu kikafungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi kwa mkewe Hilda na shukrani zisizolika.

Kwa hiyo kampuni moja ndogo ilipoweka mtambo wa majaribio nje ya mji na kutafuta mtu wa kusaga, hakuuliza kinasagwa nini. Yakawa mawe, yenye shaba.

Mawe yaliingizwa na maji kwenye pipa kubwa lililozunguka na gololi za chuma ndani, yakatoka uji wa kijivu. Uji ukamwagwa tangini, ukatiwa dawa, ukapulizwa hewa kutoka chini mpaka povu likaumuka. Shaba, pamoja na uzito wake wote, ilitakiwa inate kwenye mapovu ipande nayo, na jiwe tupu libaki chini. Aurelia, mkemia kijana, alisubiri kuliengua povu lile.

Lilitoka jeupe, la bure. Wenye kampuni wakasema wazi kwamba wiki ikiisha bila shaba, wanafunga.

“Shikamoo, baba,” Aurelia alimwambia Pankrasi.

“Marahaba.”

“Naomba usichukie. Unasaga laini mno. Punje ikishakuwa vumbi, povu haliikamati.”

“Mwanangu, nimesaga toka ujana. Unga wa chengachenga ni unga wa mvivu.”

“Wa kula, ndiyo. Huu hauliwi.”

Alinuna siku nzima, maana kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha watu watatu. Lakini njaa aliijua pia. Kesho yake alizima pipa wakati kila kitu mwilini kilimwambia bado. Akachota uji, akausugua vidoleni. Ulikwaruza. Akaona aibu kama aliyemwandalia mgeni ugali mbichi.

Povu likaja zito, jeusi lenye mng’aro wa manjano, likafurika ukingoni. Vibarua wakapiga makofi.

“Hivihivi, baba,” Aurelia alisema. “Usibadilishe.”

Jioni Hilda alimuuliza kama kazi bado ipo.

“Ipo.”

“Sasa mbona umenuna?”

“Wamenisifu.”

“Kwa lipi?”

“Kwa kusaga vibaya.”

Hilda alianza kucheka, akauona uso wa mumewe, akaacha.