Firigisi ya Bwana Arusi

Mwanangu, siku niliyomeza firigisi ya bwana arusi naikumbuka vizuri kuliko siku ya mtihani wangu wowote. Nakuandikia wewe ambaye bado hujazaliwa. Nina miaka kumi na sita, sina mume, sina hata mchumba, na kama Mama atalikuta daftari hili namwomba asianze kupiga kelele: mtoto ninayemwandikia ni wa baadaye, wa mbali sana. Ila nimeona nikuandikie sasa, maana wazee wakitoa nasaha huwa wameshasahau jinsi aibu yenyewe ilivyouma. Mimi bado inaniwaka masikioni.

Kwanza ujue mama yako alijifunzia wapi kula. Tulipovuka ziwa kutoka Kongo nilikuwa mdogo, tukapokelewa Kenani, kambi ya wakimbizi. Pale tulikuwa watoto wanane kwenye sahani moja ya bukari, ugali wetu. Ukitafuna, wenzako wanamaliza. Kwa hiyo sikutafuna. Nilifinyanga tonge, nikachovya, nikameza, na mkono ukarudi sahanini kabla koo halijajua ni nini kilichopita. Sasa tunakaa Nchelenge, Mama anauza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, na chakula kinatosha. Lakini mkono wangu haukupata habari hiyo.

Tena nina haya. Nikienda kwa watu wakinikaribisha, nasema nimeshiba, huku tumbo linanikana kwa sauti. Halafu narudi nyumbani nakula kisirisiri nyuma ya jiko, nimesimama, kama mwizi.

Basi, Yaya Betina, dada yangu mkubwa, akachumbiwa na Mwansa, kijana Mubemba wa Kashikishi. Wabemba wana desturi ya amatebeto. Kabla ya arusi, bamama wa upande wa msichana wanapika vyakula vya kila namna na kuvipeleka kwa kina bwana arusi wakiimba, na kila chungu kinafunuliwa mbele ya watu na kuelezwa. Ndivyo mwanaume anavyoonyeshwa atakavyolishwa. Kuku ndiye mwenye maneno. Anapikwa na viungo vyake vyote, kisipungue hata kimoja, na firigisi, ambayo wao wanaiita imondo, ni ya bwana arusi peke yake.

Nilishonewa nguo ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Ikanibana kiunoni. Mtu mwingine angemwambia fundi, "Baba, inanibana." Mimi nilimwambia, "Asante, ni nzuri sana," kisha nikaamua kupunguza mwili, kwa sababu mwili hauhitaji kuambiwa kwa sauti. Siku mbili sikula. Nilikunywa maji, nikajipiga picha kwa simu ya Yaya, nikajiona nimeanza kuwa mwembamba upande mmoja.

Siku yenyewe tulishuka kwenye gari nyuma ya soko la samaki. Bamama wakaenda pembeni kufunga vitenge vyao upya na kupasha ngoma moto. Kambo, bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyempika yule kuku, akaniita.

"Mado, kaa na vyungu. We ni mutoto wa kimya, hautasumbua mutu."

Nikakaa na vyungu. Nikainua kifuniko cha kuku ili nione tu. Mwanangu, usiinue kifuniko ili uone tu. Harufu ilinipiga usoni, mkono wangu wa Kenani ukaingia wenyewe, ukashika kitu kidogo kilichokuwa karibu, na papo hapo nikasikia miguu ya bamama inarudi. Nikakimeza kizima. Ndipo nilipotazama tena chunguni nikajua ni nini kilichokosekana.

Tukaenda. Wao waliimba. Mimi nilifungua na kufunga kinywa kama samaki aliyetolewa majini.

Uani kwa kina Mwansa watu walikuwa wamejaa. Nachimbusa, yule mama anayewafunda maarusi, akafunua chungu kimoja kimoja. Bukari, vigelegele. Sombe, kisamvu chetu, vigelegele. Chisense, vigelegele. Akafunua kuku. Shangazi ya Mwansa, mama mnene anayenunua samaki kwa Wakongomani na kwa hiyo anajua Kiswahili chetu cha sokoni, akainama, akahesabu kwa kidole. Shingo ipo. Miguu ipo. Maini yapo. Akahesabu tena.

"Imondo iko wapi?"

Ngoma zikanyamaza.

"Ao kuku ya Kongo haina imondo?" Watu wa kwao wakacheka, yeye hakucheka. "Kama wanamupunguzia mbele ya watu, kule nyumbani atapewa nini? Mifupa?"

Baba mdogo wa Mwansa akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake. Nachimbusa akamgeukia Kambo, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, labda ulisahau? Unajua macho ya uzee..."

Kambo hajawahi kusahau kitu. Anakumbuka hata nani alivunja kikombe chake kule ng'ambo, na kilikuwa cha rangi gani. Lakini nikamwona anashika mapaja yake na kuanza kushuka taratibu, anataka kupiga magoti, aombe msamaha wa kosa langu mbele ya watu wote wale. Na Yaya Betina alikuwa nyumbani anangoja habari.

"Ni miye," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nina sauti ya kuongea na daftari.

"Ni miye!" Bado. Ndipo nikapiga kelele ambayo sikujua kwamba ninayo: "Iko mu tumbo yangu!"

Uani pote wakageuka. Nadhani hata kuku waliokuwa wanadonoa kando ya ukuta waligeuka. Kambo akanyooka, akanigeukia.

"Ilikuwa na chumvi?" akauliza.

"Sijui, Kambo."

"Ilikuwa laini ao ngumu?"

"Sijui."

"Ilinuka moshi?"

"Sijui, Kambo. Nilimeza tu."

Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Munasikia? Mutoto ameiba, na hata hakukula!"

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu wengi. Shangazi bado.

"We mutoto, mara ya mwisho ulikula lini?"

"Juzi, Mama."

"Ju ya nini? Kwenu hakuna bukari?"

Nikavuta pumzi nimweleze habari ya nguo, na uzi wa ubavuni ukakatika, traaa, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Sikuhitaji kueleza tena. Shangazi akakaa chini mavumbini, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akavua kitenge chake cha juu akanifunga nacho mwenyewe, akaamuru kuku wake akamatwe achinjwe. Baba mdogo akavua viatu.

Firigisi ilipoiva, Mwansa akaikata katikati, nusu akanipa. "Chukua, mulamu," akasema. Ndivyo wanavyomwita shemeji. "Lakini utafune mbele yetu, na utuambie ikoje."

Mimi ninayekula nyuma ya jiko! Nikatafuna. Wote wananitazama mashavu. Nikatafuna tena.

"Ina chumvi," nikasema. "Pembeni ni ngumu kidogo. Inanuka moshi." Nikaendelea kutafuna, na pale mwisho nikagundua jambo ambalo ningelijua miaka mingi iliyopita kama ningewahi kutafuna. "Siipendi."

"Eee!" Mwansa akalia. "Si ungeniachia basi!"

Arusi ilifungwa. Lakini neno ninalotaka ulishike ni lile aliloniambia Kambo tukirudi, ameniegemea begani garini. "Mado, ile sahani ya watu wanane ilibaki Kenani. Kula polepole. Hakuna mutu anakufukuza."

Kwa hiyo, mwanangu, kula asubuhi, hata kama kuna nguo mpya. Nguo ikikubana mwambie fundi, tumbo halina kosa. Ukikaribishwa na una njaa, usiseme umeshiba. Kaa chini, nawa, ule na watu, na utafune mpaka ujue kama kitu hicho unakipenda. Usipokipenda, mwachie mwenye kukipenda. Mimi bado najifunza. Mkono wangu unakimbia, hasa kwenye chisense za kukaanga. Nikiukuta umekimbia nauweka juu ya goti, ungoje kinywa kimalize.

Mungu akupe meno mazuri na muda wa kuyatumia. Sahani isiwe vita kwako, na ukikosea mbele ya watu, wawe watu wa kucheka pamoja nawe. Na siku ya arusi yako, kabla chungu chochote hakijatoka mlangoni, nitamuuliza kila mtoto wa kukibeba kama amekula. Akisema ameshiba, nitainama nisikilize tumbo lake.