Uji wa Mgonjwa

Mama yangu hakuwa mvivu. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemwita mvivu, tena kwa sauti, mbele ya wadogo zangu.

Tulikaa kambi ya vibarua kwenye shamba la kahawa kule Oldeani, miaka ya mwanzo ya uhuru. Baba na mama walichuma kahawa. Posho ya unga ilitolewa Jumamosi, na mwaka ule mvua zilipokataa ikapunguzwa. Mama alipakua hivi: baba kwanza, kisha sisi watoto wanne, mwisho yeye na sufuria yake. "Nimeonja sana wakati wa kupika," alisema huku anakwangua ukoko. Tulimwamini. Mpishi huonja, ati.

Ndipo uchovu ukamwingia. Akitoka shambani alikaa kizingitini, hata kitambaa cha kichwa hafungui. Analala, anaamka amechoka vile vile. Akiinua ndoo, anaitua tena chini. Nyapara akamlalamikia baba kwamba mkewe anaegemea mikahawa badala ya kuchuma. Na mimi, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo mrefu, nikamwambia, "Mama, hapo kitandani utaota mizizi! Uvivu gani huu?" Akacheka. Mungu wangu, alicheka kweli, kisha akainuka akachote maji.

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyesikilizwa na kambi nzima, akasema huo si uvivu, ni ugonjwa, na mgonjwa hapewi kizito. Ugali utamlemea tumbo. Apewe uji mwepesi mpaka nguvu zirudi. Basi tukamnyang'anya hata ule ukoko. Nikakabidhiwa mwiko: ugali wa wenzangu, uji wa mama, maji mengi na unga kiganja kimoja. Nilijiona muuguzi hasa. Kadiri alivyolegea, ndivyo nilivyozidi kuuzimua.

Siku ya kwanza ya kushika mwiko nilimpakulia baba, nikawapakulia wadogo zangu, nikajipakulia mimi, na sufuria ya ugali ikawa tupu. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajilaumu kwamba sijui kupima unga.

Wiki ya tatu ya uji huo, lori la shamba lilitupeleka mama na mimi zahanati ya Karatu. Dresa, ambaye kwetu ndiye aliyekuwa daktari, akamvuta kope la chini, akamshika mkono, akaniuliza, "Anakula nini?"

"Uji," nikajibu kwa majivuno.

"Na kabla ya uji?"

Nikafungua kinywa. Nikatafuta kichwani siku moja, moja tu, niliyomwona mama na tonge mkononi. Sikuipata.

"Huyu ana njaa, binti," akasema taratibu. "Njaa ya siku nyingi."

Mama akageukia ukutani kama mtu aliyefumaniwa.

Tuliporudi nilimsongea ugali mgumu, na maharage, nikakaa mbele yake kumlinda. Akala matonge mawili, akamsogezea sahani kitindamimba wetu. "Mwongezee mwenzio. Mimi nimeshiba." Nikamfokea huku nalia: "Kula, mama! Nakuomba, kula!" Akajaribu kwa ajili yangu, akatapika. Nilirudia kila siku, na kila siku tumbo lilikataa. Hakuyaona mahindi mapya.

Msibani majirani walikuja na unga, kila mmoja kibaba chake, na maharage, na mbuzi mmoja wa kuchinja. Masufuria yakapangwa pale pale kizingitini mama alipokuwa akikaa akitoka shambani. Yule jirani mtu mzima akaniletea sahani imejaa, akanishika bega. "Kula, mwanangu, upate nguvu." Nikala. Akaniongezea, nikala tena. Mwaka ule mzima, hiyo ndiyo siku pekee niliyoshiba, na chakula kilikuwa kitamu.