Teodora na Chuo Anachotaka Kukihama

Teodora Wachowiak anavunja mayai kwa mkono mmoja, huku macho yake yakiikwepa meza ya dirishani. Pale wameketi rafiki zake, Anneke na Lorna, wakipanga nani alale chumba gani mwaka ujao. Hawajui kwamba mpishi wao wa asubuhi ameomba kuhamia chuo kingine.

Ana miaka kumi na tisa, binti wa dereva wa lori wa mji wa Toledo, Marekani, na kazi hii ya jikoni huifanya kabla ya vipindi. Chuo chao, kwenye vilima vya Massachusetts, huombwa na maelfu na kuchukua wachache. Kile anachokitaka ni kigumu kuingia vilevile, na wanaoruhusiwa kuhamia huko hawajazi hata darasa moja.

Kwa nini basi asitulie? Hapa hakuna uhandisi. Baba yake anatembea kwa mguu wa bandia unaomchubua hadi damu, na Teodora anataka kujifunza kutengeneza ulio bora. Mama yake hajaelewa mpaka leo.

"Watu wanalia kuingia hapo, wewe unalia kutoka," alimwambia kwenye simu. "Nani kakuroga, mwanangu?"

Kumwomba profesa yuleyule anayemkimbia amwandikie barua ya kumpendekeza kulimtoa jasho. Mzee aliiandika bila kinyongo. Kinachomtisha sasa ni vyumba.

Hapa kila mwanafunzi huokota namba ya bahati nasibu, na mwenye namba ndogo huchagua chumba kwanza. Marafiki huungana na kutumia namba bora waliyo nayo. Mwenye namba akihama, kundi zima huvunjwa na kupelekwa palipobaki. Akisema mapema kuwa huenda akahama, yeye peke yake huwekwa mwisho wa foleni. Teodora ameokota namba tatu, na wenzake wameshaitolea macho nyumba yenye jiko. Vyumba vinachaguliwa leo mchana. Jibu la chuo kile ni wiki ijayo.

"Nikinyamaza halafu nikakubaliwa, nimewauza," ananiambia. "Nikisema halafu nikakataliwa, nimebaki na nani hapa?"

Mimi ni mwandishi, nilikuja kuuliza maswali tu, lakini namwombea moyoni.

Anavua aproni, anakwenda mezani na kusema yote kwa pumzi moja. Lorna anainamisha kichwa. Anneke anauliza jambo hili ni la tangu lini. La tangu Januari, Teodora anajibu.

"Tangu Januari unatupikia mayai na kutuchekea," Anneke anasema taratibu. "Haya, bibi. Tutatumia namba ya Lorna."

Namba ya Lorna ni mia mbili na kitu. Nyumba yenye jiko wameikosa, na wanalijua hilo wanapoondoka na kuacha sahani zao zimejaa.

Teodora anarudi jikoni. Akikataliwa, anasema, ataomba tena mwaka ujao, kutoka chumba chochote atakachopewa. Namuuliza kama bado anaogopa.

"Jana nilikuwa natamani wanichukue," anajibu, bila kuutazama mlango. "Sasa inabidi wanichukue."